Kukagua kiendeshi cha saa ya maunzi: chipu ikipoteza wakati, kitasema nini?

Kipimajoto cha tangi la maziwa Nakuru, kipimamaji cha mashamba ya mpunga Ahero, kipimamvua kilichofungwa juu ya paa la shule Kakamega: vyote hivi hutegemea chipu moja ndogo ya saa yenye betri yake ya kitufe. Stima hupotea, mtandao wa simu huja na kwenda, na chipu hiyo ndiyo inayobaki ikihesabu sekunde. Msimbo wa kuisoma ni mfupi, unachukua baiti saba tu kutoka kwenye chipu, na ufupi huo ndio unaoponza. Mkaguzi huupitia mbiombio akidhani hakuna la kukosea humo, kisha msimu mzima ukipita mtu anafungua data na kukuta nusu ya vipimo vimeandikwa mwaka 2000.

Ndiyo maana sisi tunaokagua viendeshi vya namna hii, yaani msimbo wa keneli ya Linux (kiini cha mfumo) unaozungumza na chipu, huanza na swali moja kabla hata ya kusoma mstari wa kwanza: chipu ikipoteza wakati, kiendeshi hiki kitasema nini?

Tuchukue DS3231, maana ndiyo iliyozoeleka kwenye moduli za bei nafuu. Inakaa kwenye njia ya I2C, nyaya mbili za kuzungumza na chipu, kwa anwani 0x68. Rejista (visanduku vidogo vya kumbukumbu ndani ya chipu) 0x00 hadi 0x06 zinashika sekunde, dakika, saa, siku ya wiki, tarehe, mwezi na mwaka, kwa mpangilio huo. Ikikosa stima na betri kwa pamoja, osileta yake, mapigo yanayoendesha hesabu, husimama. Umeme ukirudi, hesabu huanza upya tarehe 1 Januari, mwaka 00, saa 00:00:00. Chipu haifichi jambo hilo. Huinua biti ya 7 ya rejista 0x0F, iitwayo OSF, na kuiacha juu mpaka programu iishushe. Hakuna ushahidi mwingine. Baiti saba za wakati zenyewe zitaonekana safi kabisa, sekunde zikitembea, tarehe ikiwa halali.

Kuna namna tatu za kuharibu hapa, na zote hujitokeza mara kwa mara. Ya kwanza ni kutoisoma OSF kabisa. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inaonekana kama uangalifu: kiendeshi kinaisoma OSF kinapoanza, kwenye probe, kinaandika onyo kwenye kumbukumbu za mfumo, kisha kinaishusha. Kuanzia hapo ushahidi umefutwa. Programu itakayoomba wakati dakika mbili baadaye itapewa mwaka 2000 bila kusita, na lile onyo liko kwenye faili ambalo hakuna mtu Ahero atakayelifungua. Ya tatu ni kuipa chipu tarehe ambayo msimbo ulijengwa, ile ya __DATE__ na __TIME__. Hii ndiyo ninayoipinga kwa nguvu kuliko zote. Mwaka 2000 angalau unamshtua msomaji wa data. Tarehe ya wiki tatu zilizopita haimshtui mtu, na vipimo vya leo vinakaa juu ya vipimo vya zamani kana kwamba ni vya siku moja.

Iliyo sahihi ni fupi. Kwenye probe usiguse wakati wala OSF. Kwenye read_time, kazi ya kusoma wakati, soma OSF; ikiwa juu, rudisha -EINVAL, kosa la "thamani si halali". Kwenye set_time, kazi ya kuuweka, andika wakati kwanza, hakikisha uandishi umefaulu, ndipo ushushe OSF. Mpangilio huo una maana yake: ukishusha OSF kwanza kisha uandishi wa wakati ukakwama kwa hitilafu ya I2C, umeithibitisha tarehe ambayo hukuiweka. Mwandishi akiuliza, "Sasa programu ya juu itafanyaje ikikosa wakati?" jibu ni kwamba hilo ni la programu ya juu. Inaweza kusubiri mtandao, inaweza kuhesabu sekunde tangu kuwaka na kuacha tarehe wazi. Pengo kwenye data ya maziwa linaweza kuelezwa. Tarehe ya uongo haiwezi kutenganishwa tena na ya kweli.

Chipu nyingine zina biti ya namna hiyo mahali pengine, na mkaguzi asiyefungua waraka wa chipu husika atapotea. DS1307 haina OSF. Ina CH, biti ya 7 ya rejista ya sekunde, na ikiwa 1 osileta imesimama. PCF8563, ambayo anwani yake ni 0x51, ina VL, nayo ni biti ya 7 ya sekunde, ila sekunde ziko rejista 0x02. Kwa chipu hizi mbili angalia pia kama msimbo unachuja biti hiyo kabla ya kugeuza thamani. Sekunde 0x80 isiyochujwa inageuka kuwa 80, na dakika haina sekunde 80. Tena PCF8563 huweka tarehe kabla ya siku ya wiki, kinyume cha DS3231. Aliyenakili msimbo wa chipu moja kwenda nyingine bila kuligundua hilo atapata tarehe isiyozidi 7.

Jambo la pili ninalolitazama ni jinsi baiti saba zinavyosomwa. Hapa inafaa kuzama kidogo.

Tuseme saa inasema 10:59:59. Msimbo unasoma sekunde peke yake, unapata 59. Kabla haujaomba dakika, sekunde inapinduka na saa inakuwa 11:00:00. Msimbo unasoma dakika, 00, kisha saa, 11. Unarudisha 11:00:59, karibu dakika nzima mbele. Ukibadili mpangilio uanze na saa, unapata 10, kisha dakika 00, kisha sekunde 00: saa nzima nyuma. Ikitokea usiku wa kuamkia mwaka mpya unaweza kurudi nyuma mwaka mzima. Kosa hili halionekani mezani kwa sababu linahitaji bahati ya milisekunde chache, lakini kifaa kinachosoma wakati kila dakika kwa mwaka mzima kitalipata tu.

DS3231 ina tiba yake ndani. Kila mawasiliano ya I2C yanapoanza, chipu hunakili wakati kwenye hifadhi ya pembeni, na unasoma nakala hiyo huku hesabu ikiendelea nyuma yake. Lakini nakala hiyo inafaa tu ukisoma baiti zote saba kwa pigo moja. Ukisoma moja moja, kila ombi linaleta nakala mpya na tatizo linabaki palepale. Kwa hiyo natafuta regmap_bulk_read au i2c_smbus_read_i2c_block_data, na nikiona kitanzi kinachosoma rejista moja moja, narudisha kiraka, yaani mabadiliko ya msimbo niliyoletewa, bila kuendelea. Kwa ile ya pili, thamani inayorudishwa ni idadi ya baiti zilizosomwa, si sifuri. Haitoshi kuangalia kama ni hasi; zikirudi baiti tano badala ya saba, mwezi na mwaka ni takataka zilizokuwa kwenye kumbukumbu.

Kuandika nako kuna sharti lake. Ukiandika rejista ya sekunde, hesabu ya ndani ya sekunde huanza upya, na rejista zilizobaki zinatakiwa ziandikwe ndani ya sekunde 1. Pigo moja linatosha kabisa hata kwa kasi ya kHz 100. Msimbo unaoandika sekunde, ukalala kidogo, ukachapisha ujumbe, ndipo uandike dakika, unajitafutia balaa.

Ugeuzaji wa thamani naupitia haraka, maana makosa yake yanafahamika. Chipu huhifadhi kwa BCD, kila tarakimu ya desimali kwa biti zake nne: sekunde 59 ni 0x59, si 0x3B. Mwezi kwenye chipu ni 1 hadi 12, kwenye tm_mon ya Linux ni 0 hadi 11. Mwaka kwenye chipu ni 00 hadi 99, kwenye tm_year unahesabiwa tangu 1900, hivyo jumlisha 100. Siku ya wiki kwenye DS3231 ni 1 hadi 7 na chipu haiijui kutokana na tarehe, inaongeza moja tu kila usiku wa manane, kwa hiyo ikiandikwa vibaya itabaki vibaya milele. Rejista ya mwezi ina biti ya karne juu yake, biti ya 7. Usipoichuja, Desemba inasomeka kama mwezi wa 92. Na rejista ya saa: biti ya 6 ikiwa 1, chipu iko kwenye mfumo wa saa 12, na biti ya 5 inageuka kuwa alama ya asubuhi au jioni badala ya ishirini. Chipu iliyowahi kutumiwa kwenye mradi mwingine inaweza kuja ikiwa kwenye hali hiyo. Kiendeshi kizuri kinaisoma hali zote mbili na kuandika ya saa 24 tu.

Kosa la hapa kwetu hasa ni la saa tatu za Afrika Mashariki. Chipu inapaswa kushika UTC, saa ya marejeo ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na kugeuza kuwa saa za hapa ni kazi ya programu ya juu. Bado wengi huongeza 3 kwenye saa ndani ya kiendeshi, kisha wanagawanya kwa 24 na kuchukua baki. Chipu ikisema 21:30 tarehe 14, msimbo unatoa 00:30, sawa kabisa, lakini tarehe inabaki 14 wakati hapa ni 15. Kila usiku, kuanzia saa sita hadi saa tisa, vipimo vinaangukia siku iliyopita. Mvua iliyonyesha saa saba usiku inaonekana ilinyesha saa saba usiku wa jana yake. Jaribio la mchana halitalionyesha kosa hili hata ukilirudia mwezi mzima, na kwa kuwa watu hujaribu kazi zao mchana, linafika shambani. Nikiona "+ 3" popote karibu na neno hour nasimama hapohapo.

Kengele ndiyo sehemu yenye makosa yaliyojificha zaidi. Vifaa vya betri hulala na kuamshwa na mguu wa INT wa chipu, tuseme kila dakika 15. Lalamiko la kawaida ni kwamba kifaa kiliamka mara moja kisha kikanyamaza hadi kilipozimwa na kuwashwa. Sababu karibu kila mara ni moja. Kengele ikifika, chipu inainua A1F, alama ya kengele ya kwanza, kwenye rejista 0x0F na kuushusha mguu wa INT, na mguu huo unabaki chini mpaka A1F iandikwe 0. Ikiwa kichakataji kinasubiri mguu ushuke, na haujawahi kupanda, hakuna kushuka kwa mara ya pili. Anayekagua atafute mahali A1F inaposhushwa, ahakikishe inashushwa kila kengele inapolia, na pia wakati wa kuanza, kwa sababu kengele inaweza kuwa ililia kifaa kikiwa kimezimwa. Mguu wenyewe hauna nguvu ya kujipandisha, unahitaji rezista ya kuuvuta juu. Moduli zilizo tayari huwa nayo, lakini bodi uliyochora mwenyewe ikiisahau, tatizo litaonekana kama la msimbo.

Kuna ncha nyingine kwenye rejista hiyohiyo. Msimbo wa kawaida husoma 0x0F, ukashusha A1F, ukaandika yote tena. Ikiwa A2F, alama ya kengele ya pili, ilipanda katikati ya kusoma na kuandika, umeiandikia 0 na kengele ya pili imepotea bila mtu kuisikia. Kwenye DS3231 kuandika 1 kwenye A1F au A2F hakubadilishi kitu. 0 ndiyo inayofuta. Kwa hiyo ukitaka kufuta A1F pekee, andika 1 kwenye A2F kwa makusudi. Mstari mmoja tu, na wachache wanaouandika.

Kuweka kengele kufuate hatua hizi: zima A1IE, biti inayoiruhusu kengele ya kwanza kushusha INT, andika rejista nne 0x07 hadi 0x0A, futa A1F, kisha washa A1IE kama imeombwa. Angalia biti ya 7 ya kila rejista hizo nne, kwani ndizo zinazoamua kengele ilinganishwe na nini, na biti ya 6 ya 0x0A, inayochagua kati ya siku ya wiki na tarehe. Ikiinuka kwa bahati mbaya, kengele ya tarehe 5 inageuka kuwa ya siku ya 5 ya wiki.

Sasa rejista 0x10, ambayo imenifundisha kutoamini viendeshi vinavyohudumia chipu nyingi kwa pamoja. Kwenye DS1339, 0x10 ni ya kuchaji betri, na ukiandika 0xA5 umewasha chaji bila dayodi, kupitia rezista ya ohmu 250. Kwenye DS3231, 0x10 ni marekebisho ya mwendo wa saa, namba yenye alama, kila hatua ikiwa karibu 0.1 ppm (sehemu kwa milioni) kwenye nyuzi 25. Ile 0xA5 hapo ni hasi 91. Kiendeshi kisichotofautisha chipu kitaifanya DS3231 kukimbia kwa takriban 9 ppm, karibu sekunde 0.8 kwa siku, sekunde 24 hivi kwa mwezi. Fundi atalaumu kristali, atabadilisha moduli, na moduli mpya itafanya vilevile. Kila uandishi kwenye rejista yenye maana mbili uzungukwe na sharti la aina ya chipu. Na kwa chipu zinazochaji, thamani itoke kwenye maelezo ya bodi, isiwe ndani ya msimbo, kwa sababu kiendeshi hakiwezi kujua kama mtu ameweka betri inayochajika.

Hilo la betri lina upande wake wa maunzi pia. Moduli nyingi za DS3231 zina njia ndogo ya chaji ya rezista ya ohmu 200 na dayodi 1N4148, iliyokusudiwa LIR2032, betri inayochajika. Ukitia CR2032 ya kawaida na kulisha moduli volti 5, unaichaji betri isiyochajika. Itoe rezista hiyo. DS1307 nayo haitaki volti 3.3: umeme ukishuka chini ya mara 1.25 ya volti ya betri, yaani kama 3.75 kwa betri ya volti 3, inakataa mawasiliano yote. Nimeona viendeshi vikiongezewa majaribio ya kurudia kumi kumi kwa ajili ya chipu ambayo imenyimwa umeme unaoitosha.

Mwandishi akileta msimbo wa kurekebisha mwendo kwa kuongeza sekunde kila siku, muulize kwanza ni chipu gani. Kristali ya kawaida ya 32,768 Hz hupungua mwendo kwa takriban 0.034 ppm ukizidisha na mraba wa umbali kutoka nyuzi 25. Kasha lililo chini ya mabati Ahero likifika nyuzi 45, hiyo ni ppm 13.6, zaidi ya sekunde 1 kwa siku. Usiku wa Nakuru wa nyuzi 10 unapunguza 7.7 hivi, nao pia ni kuchelewa, si kufidia mchana. Namba moja isiyobadilika haiwezi kutibu hilo. DS3231 hujipima joto kila sekunde 64 na kujirekebisha, ikibaki ndani ya ppm 2 kati ya nyuzi 0 na 40, sawa na dakika 1 hivi kwa mwaka. Ukitaka kuigusa zaidi, tumia set_offset, inayopokea sehemu kwa bilioni, na uangalie alama: chanya inaichelewesha saa, kwenye Linux na kwenye 0x10 vilevile. Asiyeitafsiri baiti kama namba yenye alama atasoma hasi 1 kama 255.

Majaribio nayoyadai kabla ya kukubali kiraka hayahitaji vifaa vya ghali. i2cdetect -y 1 ionyeshe UU kwenye 0x68, ishara kwamba kiendeshi kimeishika chipu. Andika wakati wa mfumo kwenye chipu kwa hwclock -w, soma kwa hwclock -r. Weka 23:59:50 ya tarehe 28 Februari 2028 uone ikienda 29. Ya 2027 iende Machi. Weka 23:59:50 ya tarehe 31 Desemba. Weka 20:59:50 UTC, usiku wetu unapogeuka, uone tarehe ya hapa ikibadilika. Endesha rtctest iliyomo kwenye keneli kwa ajili ya kengele. Kisha toa betri, chomoa umeme, subiri kidogo, rudisha vyote, na soma: hwclock itoe "Invalid argument". Ikileta tarehe yoyote ile, kiraka kinarudi.

Mwisho wa kalenda uandikwe wazi. Chipu hizi huamini kila mwaka unaogawanyika kwa nne una tarehe 29 Februari, na 2100 hauna. Kwa hiyo mipaka ya tarehe itajwe: range_min iwe RTC_TIMESTAMP_BEGIN_2000 na range_max RTC_TIMESTAMP_END_2099. Keneli yenyewe itakataa tarehe za nje ya hapo, na masharti ya mwaka yaliyotawanyika ndani ya set_time yaondolewe. rtc_valid_tm, ukaguzi wa uhalali wa tarehe, ndani ya read_time nayo itoke, kwani keneli huikagua tarehe baada ya kuipokea.

Maoni ninayorudisha huwa na namba ya rejista, biti, na ukurasa wa waraka wa chipu. "Hii si sahihi" haimsaidii kijana anayejifunza Kisumu bila mtu wa kumwuliza. "0x0F biti ya 7 inafutwa kwenye probe, mstari huu, ihamishie set_time baada ya regmap_bulk_write" anaifanya jioni hiyohiyo. Na marekebisho ya OSF yaje kwenye kiraka chake peke yake, mbali na usafishaji wa majina na nafasi, ili aliye na keneli ya zamani shambani aweze kulichukua hilo moja bila mengine.